Mnyama wa Kubuni Asadikikeje?

Neno "kusadikika" lina maana ya kuweza kuaminiwa. Shaaban Robert alilifanya jina la nchi iliyo angani katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1951, na tangu hapo wasomaji wa Kiswahili wameizuru nchi hiyo pasipo kuuliza imeshikiliwa na nini. Hadithi haikudhurika kwa hilo, maana shabaha ya mwandishi ilikuwa sheria na haki, si jiografia. Lakini tuseme kijana mmoja wa Milola, katika bara ya Lindi, amekipenda kitabu hicho hata akatamani kukiendeleza kwa kalamu yake. Katika Kusadikika wajumbe sita walitumwa pande sita. Kijana wetu anataka kuandika safari ya mjumbe wa saba, na njiani amkutanishe na mnyama ambaye hajapata kuonekana na mtu.

Uandishi wa namna hii, yaani kuingia katika nchi iliyobuniwa na mwingine na kuiongezea watu na viumbe, umeenea sana duniani siku hizi, hasa miongoni mwa vijana. Swali linalowasumbua wote ni moja: mnyama wa kubuni afanyweje hata msomaji amsadiki?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya elimuviumbe. Kijana wa Milola ana bahati, kwani mkoa wake una mnyama wa ngano, mnyama wa uvumi, mnyama wa mawe na mnyama aliye hai. Tukiwachunguza mmoja mmoja tutaona kwamba jibu la swali hili halimhusu mtunzi wa hadithi peke yake.

Ukubwa una gharama

Tuanze na nunda. Ngano yake imo katika hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere, mmishenari aliyekaa Unguja, aliichapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. Paka wa sultani alianza kwa kula mifugo. Sultani akakataa kumwua, kwa hoja kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akazidi kula na kukua, hata akawa nunda mla watu.

Je, paka aweza kukua hivyo? Tumchukue paka wa kilo 4, tumkuze hata urefu, upana na kimo chake kila kimoja kiwe mara 4. Uzito hufuata ujazo, nao utakuwa mara 4 × 4 × 4, yaani mara 64. Paka wetu sasa ana kilo 256. Lakini nguvu ya mfupa wa mguu hufuata eneo la mkato wake, nalo limeongezeka mara 4 × 4, yaani 16 tu. Kwa hiyo kila sehemu ya mfupa inabeba mzigo mara nne ya ule wa awali. Galileo aliieleza kanuni hii mwaka 1638, na hakuna kiumbe wa nchi kavu aliyeikwepa. Ndiyo maana mguu wa tembo ni mnene kama nguzo, na tembo hawezi kuruka.

Kanuni hii haikatazi ukubwa. Hudai gharama tu. Ushahidi uko Tendaguru, kilima kilicho kiasi cha kilometa 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, waliajiri mamia ya watu wa Lindi kufukua mifupa ya wanyama walioishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilipewa mmoja wa wanyama hao mwaka 2007. Mifupa ilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Mkubwa wao, aitwaye sasa Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, na kimo chake ni meta 13.27.

Mnyama yule aliilipaje gharama ya ukubwa? Miguu yake ilisimama wima kama nguzo. Mifupa ya shingo na mgongo ilikuwa na mianya ya hewa, hivyo ikapungua uzito pasipo kupoteza nguvu. Kichwa kilikuwa kidogo, kwa sababu hakutafuna majani bali aliyameza. Shingo ndefu ilimwezesha kula eneo kubwa bila kuhama. Mtunzi ajifunze hapo: akitaka jitu, aonyeshe katika umbo lake namna lilivyoulipia ukubwa huo. Mwaka 1912, wakati kazi ya Tendaguru ikiendelea, Mwingereza Arthur Conan Doyle alitoa riwaya kuhusu nyanda ya Amerika ya Kusini wanamoishi wanyama wa kale. Wasomaji wengi walivutiwa, na sababu mojawapo ni kwamba wanyama wake walikuwa na mifupa ya kweli nyuma yao.

Chakula na ukoo

Jambo la pili ni tumbo. Nunda mmoja hawezi kudumu. Hapana budi awe na mke, watoto na ukoo. Tuseme ukoo mdogo kabisa una nunda 50, kila mmoja wa kilo 500. Jumla ni kilo 25,000 za mla nyama. Watafiti waliolinganisha wanyama wala nyama wa sehemu nyingi za dunia wamekuta kwamba kilo 10,000 za windo hutunza kiasi cha kilo 90 tu za mwindaji. Kwa hesabu hiyo nunda wetu wanahitaji windo la kilo zipatazo milioni 2.8. Ikiwa windo ni mbuzi wa kilo 25, basi ni mbuzi kiasi cha 111,000, nao wawepo mwaka hata mwaka. Sultani Majnuni hakuwa na zizi la namna hiyo! Basi mtunzi akimweka mla nyama mkubwa katika nchi yake, kwanza ajaze nchi hiyo majani, kisha wala majani.

Jambo la tatu ni mahali. Kusadikika iko angani, na angani pana masharti yake. Kwa wastani kila meta 1,000 tupandazo joto hupungua kiasi cha nyuzi 6.5, na kwenye meta 5,500 kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Je, kiumbe aweza kufika huko? Aweza. Mwaka 1973 tumbusi wa aina ya Rüppell, ambaye huzaliana pia hapa Tanzania, aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha meta zaidi ya 11,000. Damu yake ina uwezo wa pekee wa kushika oksijeni iliyo haba. Hata hivyo tumbusi huyo hula mzoga ulio chini na hulala mwambani. Mnyama wa Kusadikika naye apewe damu ya aina hiyo, manyoya ya kuzuia baridi, na jibu la swali la kila mama wa nyumbani: leo tutakula nini?

Alama aziachazo

Turudi kwenye ngano, maana ina hazina nyingine. Kitinda mimba wa sultani alipotoka kumsaka nunda, aliua mnyama mmoja baada ya mwingine na kuuliza kama ndiye. Kila mara mamaye alimjibu kuwa siye. Kijana hakukata tamaa wala hakujidanganya: alilinganisha mzoga na sifa zilizotajwa, akaukataa, akaendelea. Huo ndio utaratibu wa sayansi, nao ulisimuliwa barazani kabla ya maabara kujengwa.

Utaratibu huo tuuelekeze kwa mngwa. William Hichens, aliyepata kuwa hakimu Lindi enzi za Waingereza, aliandika mwaka 1937 habari za mnyama wa kijivu mwenye mabaka, mkubwa kama punda, aliyedaiwa kuua watu katika pwani hii. Aliyataja hata manyoya ya kijivu yaliyokutwa mkononi mwa marehemu. Lakini hakuna fuvu wala ngozi iliyothibitishwa kuwa ya mngwa. Tena ukubwa wa punda si ajabu kwa paka: simba dume huufikia.

Wapo pia waliopita mtihani. Mwaka 2003 wavuvi walimtoa silikanti katika maji ya Kilwa, karibu na Songo Mnara. Jamaa za samaki huyo zilidhaniwa kuwa zimekwisha tangu zama za mijusi wakubwa, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Na katika misitu ya Rondo na Litipo, miaka ya 1990, watafiti walimtambua komba mdogo wa gramu kama 60, aliyejulikana kuwa wa aina ya pekee hasa kwa mlio wake. Mmoja alileta mwili, wa pili alileta sauti inayoweza kurekodiwa tena usiku wowote.

Simba wa kweli

Sasa tufike kwa mnyama aliye hai. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Vifo vingi vilitokea wakati wa mavuno. Watafiti walikuta kwamba mashambulizi huzidi mahali penye nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wachache: nguruwe huingia shambani, mkulima hulala kwenye dungu kulinda mazao, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu.

Lakini kwa wengi simba huyo alikuwa mnyama wa kutumwa, mtu aliyejigeuza au aliyemtengeneza kwa uchawi. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu, na wengine wakauawa na jirani zao kwa kudhaniwa kuwa ndio waliowatuma. Hapo mnyama wa kubuni alitoka kitabuni na kuingia kijijini, na hakuna aliyemwuliza maswali: ana uzito gani, anakula nini, nyayo zake zinatoka wapi? Maswali hayo yangewapeleka kwenye nguruwe na dungu, si kwenye mlango wa bibi kizee.

Basi kijana wa Milola na aandike, wala asiogope kubuni. Ngano haina hatia. Ila ampime mnyama wake kwa mifupa, kwa chakula, kwa hewa na kwa nyayo kabla ya kumwachia mbugani mwa Kusadikika. Na siku atakaposikia mbiu kwamba kuna mnyama wa ajabu kijijini, awe wa kwanza kuuliza nyayo ziko wapi, na kuwashauri wazee waandae msako wa nguruwe.