Kabla Hujanunua Kompyuta Mhunze, Uliza Itaishi Miaka Mingapi

Msimu wa pamba unapofunguliwa na malipo kuanza kuingia, wengi Kishapu hukumbuka kifaa walichokiahirisha mwaka mzima: kompyuta ya mwanafunzi aliyepata chuo, simu ya mama, mashine ya pili ya steshenari pale Maganzo. Swali la kwanza dukani huwa ni bei. Mimi ningeanza na mfumo endeshi, kwa sababu ndio unaoamua kifaa hicho kitakutumikia mpaka lini.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Wenye kompyuta zao binafsi waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuunganisha mipangilio yao na akaunti ya Microsoft. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana za kabla yake. Hapo ndipo jambo hili linapomgusa mnunuzi wa huku. Kompyuta mpakato tunazoziona Shinyanga mjini na Kahama nyingi ni mtumba wa maofisini kutoka nje: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, mara nyingi kuliko mpya za bei ya chini, lakini za kizazi cha nne, cha tano na cha sita zimebaki nje ya mlango wa Windows 11.

Kizazi kinajulikana kwa kusoma jina la prosesa. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. Kuanzia cha kumi soma tarakimu mbili: i5-10210U. Usitosheke na neno "Core i5" alilolikariri muuzaji. i5 ya mwaka 2013 na ya mwaka 2018 zinabeba jina moja, lakini umri wao haulingani hata kidogo.

Sasa hesabu. Tuseme ya kizazi cha sita umetajiwa shilingi 350,000 na ya kizazi cha nane 600,000. Badili namba hizi kwa zile utakazotajiwa wewe, hesabu inabaki ileile. Ya kizazi cha nane, ikiwa ilitoka kiwandani na leseni yake, inapanda Windows 11 bila malipo ya ziada. Leseni hiyo mara nyingi imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo fungua sehemu ya uhakiki wa Windows kwenye mipangilio uone kama imethibitishwa, kabla fundi hajaifuta akaweka nakala yake. Kama leseni haipo, Windows 11 ya nyumbani nchini Marekani ilitangazwa kwa dola 139. Dola ikihesabiwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu 350,000: unanunua mashine nyingine nzima.

Ndiyo maana wengi huenda kwa fundi "akapige Windows" kwa hela ndogo. Naielewa sababu, lakini siishauri kabisa. Programu zinazovunja leseni hudai kwanza uzime kinga ya virusi, na hiyo peke yake inatosha kukuonya. Kompyuta hiyohiyo ndiyo utakayofungulia barua pepe, maombi ya mkopo wa HESLB na akaunti yako ya Ajira Portal. Nywila zako zote zinapita humo.

Njia ya tatu ni mfumo huria. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, na leo inapatikana katika sura nyingi. Kwa mtu aliyezoea Windows ningemwelekeza Linux Mint: kitufe cha menyu kiko kona ya chini kushoto, madirisha yanafungwa kwa alama ya X, mafaili yako kwenye mafolda kama alivyozoea. Toleo la 22 linatunzwa hadi mwaka 2029. Linaweza kuendeshwa kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo nafuu ya kweli, na kwa mashine dhaifu lipo toleo jepesi la Xfce. Halina leseni ya kununua. Faili la kulisakinisha ni karibu GB 3 za bando, lakini likishapakuliwa kwenye flashi moja linaweza kuzungushwa shule nzima bila kuvunja sheria ya mtu yeyote.

Kwa hiyo ile ya 350,000 ukiiwekea Mint inafika 2029 ikipata masasisho, na 250,000 zimebaki mfukoni. Hata ukikadiria kilo ya pamba kwa shilingi 1,000 ili kurahisisha hesabu, hizo ni kilo 250. Sehemu yake ingeingia kwenye diski ya SSD kama mashine bado ina ile ya kuzunguka, maana hakuna badiliko linaloifufua kompyuta ya zamani kama hilo, na kwenye betri mpya, kwa sababu betri za mtumba huwa zimechoka na umeme ukikatika ndipo unapojua.

Je, kazi zitafanyika? Mwalimu wa Kishapu leo anajaza PEPMIS na ESS, mifumo ya watumishi wa umma, na yote miwili inafunguka kwenye kivinjari. Firefox ya Linux ni ileile ya Windows. Mitihani na barua zinaandikwa kwa LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Jedwali lenye mapambo mengi linaweza kusogea kidogo, hivyo nakala ya mwisho itume kama PDF. Wala programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni chipukizi la OpenOffice hiyohiyo. Inasikitisha kwamba miaka zaidi ya ishirini baadaye mtumiaji wetu bado anakutana na menyu nyingi za Kiingereza. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa bajeti ya kudumu.

Faida nyingine utaiona ukiingiza flashi ya steshenari. Wale virusi wa shortcut, wanaoficha mafolda yako na kuacha vishale vidogo, wametengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hawafanyi kazi: unayaona mafolda halisi, unafuta takataka, unaendelea.

Mwenye steshenari mwenyewe nitamwambia tofauti. Kama kadi za harusi na mabango unayatengeneza kwa CorelDRAW au Photoshop, na wateja wanakuletea mafaili ya huko, baki na mashine moja ya Windows 11 yenye leseni. Inkscape na GIMP ni nzuri, lakini kujifunza upya huku mteja amesimama dirishani ni gharama halisi. Zile kompyuta nyingine, za kuchapa, kuskani na kujaza fomu, ndizo za kuhamishia Mint. Wanaotegemea Microsoft Publisher wajue kwamba Microsoft imetangaza kuisitisha Oktoba 2026, kwa hiyo kuhama kunawahusu hata wakibaki Windows.

Printa ijaribiwe kabla hujalipa. Mint inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: chomeka printa, chapa ukurasa, jaribu Wi-Fi, sauti na kamera. HP na Epson za tangi la wino kwa kawaida hukubali. Printa ikigoma hapo, umeokoa hela. Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni fundi, kwa sababu wanaoijua Linux huku ni wachache. Mtafute kijana mmoja wa kukusaidia kabla hujahama.

Kwa nyumba yenye televisheni na sola kuna kifaa kipya cha kufikiria: Raspberry Pi 500, kompyuta nzima ndani ya kibodi. Ilipotoka Desemba 2024 ilitangazwa kwa dola 90, yaani kama 225,000 kabla ya usafiri na ushuru, na mfumo wake ni Linux ya bure. Inakula umeme kidogo. Lakini haina betri wala skrini, na ikiharibika hutapata kipuri Shinyanga. Kwa sasa mtumba bado unashinda.

Kwenye simu uhuru ni mdogo zaidi. Android imejengwa juu ya Linux, ila anayeamua masasisho ni mtengenezaji. Samsung Galaxy A16 ya mwaka 2024 iliahidiwa miaka 6 ya masasisho, wakati simu nyingi za bei ya chini hazitajiwi miaka yoyote kwenye boksi. Gawanya bei kwa miaka iliyoahidiwa ndipo ulinganishe. Smart Kitochi za mfumo wa KaiOS, zilizoletwa na Vodacom mwaka 2019, zilikuwa mkombozi wa wengi, kisha WhatsApp ikaacha kuuhudumia mfumo huo na simu nzima zikapoteza kazi iliyofanya zinunuliwe. Kama shida yako ni kupiga na kutuma pesa, kitochi cha kawaida kinatosha: *150*00# haihitaji simu janja.

Yoyote utakayochagua, piga *#06#, tuma namba ya IMEI kwenda 15090 na ulinganishe jibu na simu uliyoshika. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, hilo si la kupuuza. Na kama ni ya mkopo wa kulipa kila siku, kumbuka ina kufuli la programu linaloweza kuizima ukichelewa. Jumlisha malipo yote, yalinganishe na bei ya taslimu, kisha muulize muuzaji kufuli litaondolewa siku gani na nani, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba.