Bei ya Kuingia Kompyuta ya Mwenzio

Mnamo mwaka wa 2010 ilizuka katika masoko ya siri ya intaneti programu iitwayo Blackshades, ambayo kwa thamani ya dola 40 hivi za Kimarekani ilimpa mnunuzi, ajapokuwa hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, uwezo wa kuitawala kompyuta ya mtu mwingine kwa mbali, akasoma barua zake, akanakili kila herufi aliyoibonyeza, akaiwasha kamera yake pasipo mwenyewe kutambua, na akipenda, akazifunga faili zake na kudai fidia.

Wadhanio kwamba udukuzi ni kazi ya watu wa ajabu wenye ilimu isiyofikiwa na wengine, na waitazame biashara hii kwa jicho la karani wa mahesabu. Mkuu wake, Alex Yücel, raia wa Uswidi, alikuwa na watumishi wa ujira: msimamizi wa masoko, fundi wa tovuti, na kikundi kizima cha kuwasaidia wateja walioshindwa kuitumia bidhaa yake, na yako mashirika halali, nathubutu kusema, yasiyowajali wateja wao kiasi hicho. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa New York, tangu Septemba 2010 hata Aprili 2014 mauzo yalipita dola 350,000, na kompyuta zilizoambukizwa zikapita nusu milioni. Gawanya fedha hizo kwa kompyuta hizo, utapata kama senti 70 kwa kila moja.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa biashara hii kiuchumi, kwamba muuzaji huchuma kidogo mno, ilhali hasara yote humwangukia mtu wa tatu ambaye hakuwamo katika mapatano wala hakuulizwa bei. Msichana wa California aliyevikwa taji la urembo la vijana wa Marekani mwaka wa 2013 alipigwa picha kwa siri kwa kamera ya kompyuta yake mwenyewe, kisha akatishwa kwamba zitaenezwa. Aliyemtendea hayo, kijana waliyesoma naye shule moja, alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Wauzaji nao wana udhuru wao, kwamba mafundi wa maofisi hutumia programu za namna hiyo kila siku kutengeneza kompyuta zilizo miji mingine. Ni kweli, walakini fundi mwaminifu ana haja gani ya programu inayojificha kwa mwenye kompyuta? Taylor Huddleston wa Arkansas, aliyeunda NanoCore, programu ya namna hiyo hiyo ya kujificha, na kuiuza kwa dola 25, alikiri kosa, na mwaka wa 2018 akafungwa miezi 33. Mfaransa Jean-Pierre Lesueur, ambaye programu yake kama hiyo, DarkComet, aliitoa bure, aliisitisha mwenyewe mwaka wa 2012, baada ya kudhihirika kwamba ilitumiwa dhidi ya wapinzani wa serikali ya Syria.

Kwa kuwa mwenye kuhudumia wateja hana budi kuwa na orodha yao, Blackshades ilipoanguka, Mei 2014, haikuanguka na wakubwa peke yao: watu zaidi ya 90 walikamatwa katika nchi mbalimbali, wengi wao wanunuzi. Yücel, aliyeshikwa Moldova, alihukumiwa mwaka wa 2015 kifungo cha miezi 57. Soko halikufungwa kwa hayo. Imminent Monitor, programu nyingine ya jinsi hiyo iliyotoka Australia, ilipata wanunuzi zaidi ya 14,500 katika nchi 124, kwa bei iliyoanzia dola 25, hata polisi walipoivunja Novemba 2019, na waliokwisha kuilipia wakaikuta haifanyi kazi tena. NanoCore, kinyume chake, ilikwisha kuvunjwa kufuli na kunakiliwa kabla ya mwundaji wake kufika mahakamani, na nakala hizo zikaendelea kugawiwa bure.