Mashine Iandike Kifungashio, Mtu Aandike Mkataba

Mtu anayetumia Python kutatua milinganyo 300 yenye herufi 300 zisizojulikana huandika mstari mmoja tu, na jibu hutoka papo hapo. Hesabu yenyewe lakini haipigwi na Python. Hupigwa na LAPACK, maktaba ya kompyuta ya hesabu za matriki iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, ikiwa imeandikwa kwa Fortran, lugha ambayo IBM iliitoa mwaka 1957. Lugha hizi mbili hazihifadhi namba kwa mpangilio mmoja, wala haziripoti kosa kwa njia moja. Katikati yake pana tabaka la funksheni ndogondogo, yaani vipande vya programu vyenye jina, vinavyopokea kitu na kurudisha jibu. Funksheni hizi hazipigi hesabu yoyote. Hupokea data katika umbo la Python, huigeuza iwe katika umbo la Fortran, huiita funksheni yenye kazi, kisha hulibeba jibu na kulirudisha likiwa limegeuzwa tena. Tuziite vifungashio. Vingi kati yake havikuandikwa na mtu yeyote, viliandikwa na programu nyingine. Ninaona hilo ni sawa kabisa, na kwamba kuandika vifungashio kwa mkono ni kupoteza nguvu za watu. Ila kuna sehemu moja ya kazi hiyo ambayo mashine haiwezi kuibuni, na mtu asipoiandika waziwazi, kifungashio kitafanya kazi siku ya majaribio na kuharibika siku ya kutumika.

Tuanze na kwa nini mashine. Anayefungashia funksheni moja ya lugha ya C ili iitwe kutoka Python hulazimika kuandika mistari kumi au zaidi ambayo karibu yote inajulikana mapema: hakiki kwamba vigezo vimekuja vya kutosha, geuza kila kimoja, ita funksheni, geuza jibu, rudisha. Juu ya hapo, kila kitu ndani ya Python hubeba hesabu ya wanaokitumia, na anayeandika kwa C lazima aipandishe na kuishusha hesabu hiyo mwenyewe. Akisahau kuishusha, memori hujaa polepole. Akiishusha mara mbili, programu huzimika ghafla, mara nyingi mbali na mahali kosa lilipofanyika. Maktaba yenye funksheni mia tano inataka kazi hiyo irudiwe mara mia tano, na mtu anayerudia jambo mara mia tano hunakili na kubandika, kisha husahau kubadilisha neno moja. David Beazley alikutana na mzigo huu mwaka 1995 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, ambako wanafizikia walikuwa na programu kubwa za C za kuiga mienendo ya chembe na walitaka kuziendesha kwa lugha nyepesi zaidi. Chombo alichokitengeneza, SWIG, husoma matamko ya funksheni za C na kutoa msimbo wote wa vifungashio. Kilitolewa kwa umma mwaka 1996 na bado kinatumika, kikihudumia Python, Java, Ruby, Perl na lugha nyingine kadhaa kutoka kwenye faili moja lile lile la maelezo.

Neno la kushika hapo ni matamko. Chombo cha aina hii husoma tamko la funksheni, nalo husema aina ya kila kigezo na aina ya jibu, basi. Chukua funksheni mbili ambazo kila mtu wa C anazifahamu, getenv na strdup. Ya kwanza hupewa jina la mpangilio wa mfumo na kukurudishia thamani yake. Ya pili hupewa maandishi na kukurudishia nakala yake. Ukiyaweka matamko yao sambamba, ukiondoa majina, hayana tofauti: kila moja hupokea anwani ya maandishi yasiyoruhusiwa kubadilishwa, na hurudisha anwani ya maandishi. Lakini wajibu zinaomwachia anayeziita unapingana. Memori inayorudishwa na strdup ni yako, na usipoiachilia imepotea hadi programu izimwe. Ile inayorudishwa na getenv si yako, na ukijaribu kuiachilia unaharibu mali ya mfumo na programu inaweza kufa hapo hapo. Hata jibu tupu lina maana mbili. Kwa getenv, utupu ni habari ya kawaida kwamba jina hilo halijawekwa. Kwa strdup ni dharura, maana yake memori imekwisha. Hakuna kanuni, iwe na werevu wa kiasi gani, inayoweza kutenganisha funksheni hizi kwa kutazama matamko peke yake, kwa sababu tofauti yao haimo humo. Imo kwenye mwongozo wa matumizi, ulioandikwa kwa ajili ya binadamu. SWIG yenyewe, ikiachwa ijiamulie, hunakili maandishi yaliyorudishwa na kuiacha memori ya asili kama ilivyo, jambo lililo salama kwa getenv na linalovujisha memori kila strdup inapoitwa. Ndiyo maana Beazley aliweka agizo la mstari mmoja ambalo mtu huliandika ili kukiambia chombo kwamba funksheni hii hurudisha kitu kipya, hivyo kiachiliwe baada ya kunakiliwa. Mstari huo mmoja ndio ninaouita mkataba.

Mfano wa LAPACK unaonyesha kwamba mkataba hauzuii ajali tu, hurahisisha matumizi pia. Funksheni ya kutatua milinganyo huitwa dgesv, na kwa Fortran ina vigezo vinane: idadi ya milinganyo, idadi ya safu za upande wa kulia, matriki, urefu wake ndani ya memori, mahali pa kuandikia mpangilio wa mistari, upande wa kulia wenyewe, urefu wake, na namba ya kuripoti hali. Tena matriki uliyoipeleka hufutwa na kuandikwa juu yake, na upande wa kulia hugeuka kuwa jibu. Kwa mtu wa Python hayo ni mateso. Katika SciPy, maktaba ya Python ya hesabu za kisayansi, funksheni hiyo hiyo hudai vitu viwili tu, matriki na upande wa kulia, navyo, mtumiaji asipoomba vinginevyo, hubaki salama kwa sababu kifungashio hutengeneza nakala. Kilichofanya hivyo ni f2py, chombo alichokianzisha Pearu Peterson mwaka 1999, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SciPy. Lakini f2py haikuota kwamba idadi ya milinganyo inaweza kusomwa kutoka kwenye ukubwa wa matriki. Kuna faili la maelezo ambamo mtu aliandika kwamba kigezo hiki kinatokana na kile, hiki ni cha kuingia, hiki ni cha kutoka. Hata ile namba ya hali, ambayo ikiwa kubwa kuliko sifuri maana yake matriki haina kinyume na jibu halikupatikana, kifungashio huirudisha ikiwa namba tu, na tabaka jingine lililoandikwa na watu ndilo linaloigeuza kuwa kosa linalosimamisha programu na kumwambia mtumiaji kilichotokea.

Wako waliokwenda mbele zaidi, wakauhamishia mkataba kwa mwenye maktaba. Watengenezaji wa GNOME, mazingira ya kompyuta yanayotumika sana kwenye Linux, huandika juu ya kila funksheni ya C maelezo mafupi yanayosema kama umiliki wa jibu unahamia kwa aliyeita au la, na kama utupu unaruhusiwa. Chombo huyasoma, na lugha nyingine hujitengenezea vifungashio kutokana nayo. Zaidi ya hapo, toleo lao la getenv limetamkwa kwamba hurudisha maandishi yasiyobadilishwa, na toleo lao la strdup halikutamkwa hivyo. Kwa desturi hiyo ndogo, kile kilichokuwa kimejificha kwenye mwongozo kimeletwa ndani ya tamko, mahali mashine inapotazama. Naamini huu ndio mpango ulio bora, kwa kuwa anayejua nani anamiliki nini ni aliyeandika funksheni, na akiandika mara moja, wanaofungashia kwa lugha kumi hawakisii mara kumi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba msimbo unaotoka kwenye vyombo hivi hausomeki. Ni kweli. SWIG ikifungashia funksheni mbili tatu hutoa faili la maelfu ya mistari, na hitilafu ikitokea ndani yake kuifuatilia ni kazi ngumu. Lakini faili hilo si la kusomwa wala kurekebishwa kwa mkono, kama vile hakuna anayehariri kinachotoka kwenye kompaila. Kinachosomwa na kukaguliwa ni faili la mkataba, ambalo ni fupi. Wengine husema heri kuandika upya kila kitu kwa lugha ya kisasa na kuepuka mpaka wenyewe kati ya lugha mbili. Kwa maktaba ndogo, sawa. Kwa LAPACK, ambayo imepita kwenye mikono ya wataalamu wa hesabu kwa zaidi ya miaka 30 wakisaka makosa madogo ya kukadiria desimali, kuanza upya ni kuyakaribisha tena makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la akili mnemba. Kwa nini tuhangaike na vyombo na mikataba, iwapo modeli ya lugha inaweza kusoma mwongozo na kuandika kifungashio chote yenyewe? Nakubali kwamba imeleta kitu kipya, maana inasoma mahali ambapo SWIG haisomi. Kwa funksheni maarufu kama strdup itajibu sawasawa. Kwa maktaba ya ndani ya taasisi, yenye mwongozo wa nusu ukurasa, itakisia, na kisio lake litaandikwa kwa lugha ile ile ya uhakika kama jibu sahihi. Mbaya zaidi, ikiandika vifungashio mia tano moja kwa moja, kisio hilo litatawanyika katika mistari elfu kadhaa, na mkaguzi atalazimika kulitafuta humo. Ikiombwa badala yake ipendekeze mkataba tu, kila funksheni inapata mstari mmoja: jibu ni la nani, utupu unamaanisha nini, kigezo kipi ni cha kutoka. Mwenye maktaba anaweza kuipitia mistari mia tano kwa siku moja, akasahihisha asipokubaliana, kisha chombo cha kawaida kikazalisha vifungashio vilivyo vile vile kila kikiendeshwa. Na maktaba ikipata toleo jipya mwaka unaofuata, kitakachobadilika kwenye faili hilo ni mistari michache tu, na mkaguzi ataiona yote kwa pamoja.