Kinyama Ndani ya Chupa

Chupa ilikuwa ndogo kuliko ya dawa ya kikohozi. Kifuniko kilizungushiwa plasta, na jina la mama mdogo lilikuwa limeandikwa kwa wino uliokwisha kuanza kuchuja. Niliishika mkononi kutoka Mwika hadi Himo, nikabadilisha gari, nikaishika tena hadi Moshi mjini, maana niliogopa kuitia mfukoni nikaiponda. Ndani yake kulikuwa na kipande cha nyama kisichozidi punje ya haragwe. Kilitolewa kwenye tezi iliyomvimba shingoni kwa miezi mitano.

Majibu yalikuja upesi kuliko tulivyotegemea: hakisomeki. Kule kilikokatwa walikitia kwenye maji ya chumvi, kikalala humo siku nne wakati tukihangaika na nauli, na kilipofika maabara kilikuwa kimeoza. Mama mdogo alitakiwa kukatwa upya.

Nyumbani wakati huo ugonjwa ulikwisha kupewa jina. Mtu akivimba shingo, akakonda, usiku akatoka jasho la kulowesha shuka, watu hawangoji karatasi ya daktari. Wengi walisema kansa. Wachache walisema mkono wa mtu. Ndugu mmoja alianza kuulizia habari za kihamba, yaani shamba la urithi, na mama mdogo alimsikia, kwa kuwa alikuwa amevimba tezi tu, masikio yake yalikuwa mazima.

Tatizo la tezi ya shingo ni kwamba kwa nje magonjwa mengi huifanya ifanane. Kifua kikuu cha tezi huivimbisha polepole, bila maumivu makali. Limfoma, yaani saratani ya tezi zenyewe, hufanya vivyo hivyo. Saratani iliyoanzia kooni au kwenye titi inaweza kuhamia hapo. Virusi vya UKIMWI huvimbisha tezi, na meno mabovu pia. Kukonda kupo kwa karibu yote hayo, na homa na jasho la usiku ni vya kifua kikuu na vya limfoma vilevile. Daktari mwenye uzoefu atapapasa, atapima ukubwa, atasikia kama tezi inateleza chini ya kidole au imenasa, na bado atakuwa anakisia. Ndiyo maana anaomba kinyama.

Kisayansi kazi ya kusoma kinyama inaitwa patholojia, lakini wodini na mitaani watu husema tu "kipimo cha kinyama", na jina hilo linatosha. Wazo lake si la zamani sana. Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Berlin alichapisha mihadhara yake akidai kwamba ugonjwa uko ndani ya seli, na kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine. Kabla ya hapo, uvimbe mara nyingi ulielezwa kwa habari za maji ya mwili yaliyoharibika. Baada ya hapo mtu aliweza kuuliza swali lenye jibu: hizi seli ni za nani, na zinafanya nini mahali hapa?

Safari ya pili chupa ilikuwa na fomalini. Harufu yake kila aliyewahi kuingia maabara anaijua, huchoma pua na kutoa machozi. Fomalini hufunga protini za seli zikabaki kama zilivyokuwa dakika ile zilipotoka mwilini, bila kuoza na bila kujiyeyusha kwa vimeng'enya vyake zenyewe. Kanuni ni kwamba iwe nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa kinyama, na kinyama kitumbukizwe mara tu kinapokatwa. Ni dawa ya bei ndogo. Ikikosekana siku ya kukata, wembe, ganzi, mshono na maumivu vyote vimekwenda bure.

Maabara hawakiweki chini ya hadubini kama kilivyo, kwa sababu mwanga hauwezi kupenya nyama nene. Kwanza maji yaliyomo hutolewa kwa spiriti, ya nguvu ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha kali kabisa. Spiriti nayo huondolewa kwa kimiminika kiitwacho zailini. Hapo nta iliyoyeyushwa huingia mahali palipokuwa na maji. Ikiganda, kile kipande kimekuwa ndani ya tofali dogo jeupe linalokaa kwenye kiganja. Fundi huchukua tofali hilo na kulifunga kwenye mashine yenye wembe mkali, akizungusha mpini wake taratibu, na nta hutoka ikiwa utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu: unene wa mikroni tatu hadi tano, wakati unywele wa mtu una kama sabini. Utepe huelea juu ya maji ya uvuguvugu ili mikunjo ijinyooshe. Fundi hutelezesha kioo chini yake na kuuinua. Mkono ukitetemeka, utepe unajikunja, na inabidi kurudia.

Kioo hicho bado hakionyeshi kitu, maana seli hazina rangi. Huzamishwa kwenye hematoksilini, rangi itokayo kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati, nayo hupaka viini vya seli buluu ya zambarau. Kisha kwenye eosini, ambayo hupaka sehemu zilizobaki waridi. Rangi hizo mbili zimetumika pamoja tangu karne ya 19, na hata leo, penye mashine za kusoma vinasaba, daktari wa patholojia akipewa kioo huanza na hizo.

Tezi yenye afya ikitazamwa hivyo ina mpangilio kama kijiji: vituta vya mviringo vya seli pembezoni, njia katikati, kila kundi mahali pake. Limfoma huvunja kijiji. Seli za aina moja hutapakaa kila mahali, viini vyake vikubwa na vyeusi, nyingi zikiwa katikati ya kugawanyika. Katika aina moja ya limfoma, ile ya Hodgkin, hutokea seli kubwa yenye viini viwili vinavyokutazama kama macho ya bundi. Kifua kikuu huacha alama tofauti kabisa. Askari wa mwili hujikusanya duara kumzingira bakteria wasiyeweza kumuua, baadhi yao huungana wakawa seli moja kubwa yenye viini vingi vilivyopangwa kama kiatu cha farasi, na katikati ya duara nyama hufa ikawa kama maziwa yaliyoganda na kukamuliwa maji. Seli hiyo ina jina la Theodor Langhans, aliyeieleza mwaka 1868, miaka kumi na minne kabla Robert Koch hajamtangaza bakteria mwenyewe mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Yaani nyayo zilionekana kabla ya mnyama.

Kumwona mnyama mwenyewe kunahitaji rangi nyingine. Bakteria wa kifua kikuu amevaa ganda la nta. Ukimpaka rangi nyekundu na kumpasha moto, rangi inaingia. Ukimmwagia asidi, karibu bakteria wengine wote wanafuliwa wakawa weupe, yeye anabaki mwekundu. Njia hiyo inaitwa Ziehl-Neelsen. Lakini kwenye tezi huwa wachache mno, na kioo kinaweza kutafutwa nusu saa asionekane hata mmoja. Ndiyo maana siku hizi sampuli hupitishwa pia kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vyake kwa muda wa saa mbili hivi na kueleza kama anahimili rifampisini. Katika miteremko hii ya mlima Kilimanjaro kuna hospitali nzima iliyojengwa kwa ajili ya ugonjwa huo: Kibong'oto, wilaya ya Siha, iliyoanza mwaka 1926, na ambayo leo hupokea wagonjwa wa kifua kikuu sugu kutoka pande zote za nchi.

Hatari ya kukisia si ya tezi peke yake, na Moshi ina ushahidi wake. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti walifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali ya rufaa ya KCMC na hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Damu ilipochunguzwa kwa makini, waliokuwa wanaumwa kwa sababu ya malaria, kati ya wote 870, ni 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa za kutoka kwa mifugo, magonjwa ya kupe. Damu nayo ni tishu, na tone lake likitandazwa juu ya kioo lina mambo ya kusema. Takwimu hiyo imenikaa kichwani kwa miaka. Madaktari wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatibu kile ambacho kwa desturi ndicho chenye jina.

Afrika Mashariki ina historia yake katika elimu hii ya patholojia, na inastahili kufundishwa shuleni kwetu kuliko inavyofundishwa. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alikuta watoto wengine kama huyo, baadhi wakiwa na uvimbe tumboni. Kwa macho yalikuwa magonjwa mbalimbali. Wataalamu wa patholojia wa Makerere, Gregory O'Conor miongoni mwao, walipoweka vinyama chini ya hadubini waliona kitu kimoja: uwanja mweusi wa seli zilizobanana, na hapa na pale seli kubwa nyeupe zilizokuwa zikizoa zilizokufa, mithili ya mbingu ya usiku yenye nyota. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo upo. Ukanda wake ulifuata joto na mvua. Huku karibu na Ikweta, juu ya futi 5,000 ulipotea. Mtu aliyezaliwa Kilimanjaro anaielewa ramani hiyo bila kuelezwa: ni ramani ya mbu, tambarare kuna malaria, juu kwenye baridi hakuna. Vinyama vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake mwaka 1964 kutangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Yote hayo yalitoka kwenye chupa ndogo ambazo vinyama vyake vilifika vikiwa havijaoza.

Siku hizi mkoani kwetu kimojawapo cha vinyama vinavyotafutwa sana ni cha koo la chakula. Mgonjwa huanza kushindwa kumeza ugali, kisha mtori, kisha maji, na wengi hufika hospitali wakiwa kwenye hatua ya maji. Kamera nyembamba huteremshwa kooni na koleo lake huchuna vipande kadhaa. Kwa nini saratani hiyo ni nyingi kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini bado inachunguzwa, lakini utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulipima chai ambayo watu wa Kilimanjaro wanaanza kuinywa, ukakuta wastani wa nyuzi 70 hivi, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa moto zaidi na kwa haraka zaidi kuliko ya rangi. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vile vinavyoelekea kusababisha saratani. Tangu nisome hilo, chai yangu naiacha kwanza ipumue.

Mara nyingi si lazima kukata. Sindano nyembamba inaweza kufyonza seli kutoka kwenye uvimbe wa shingo au titi, zikatandazwa juu ya kioo na kusomwa siku hiyohiyo. Sindano hutoa seli bila kijiji chake, kwa hiyo kuna wakati haitoshi, hasa kwa limfoma, na kisu kinaitwa.

Hapo ndipo wengi hukimbia. Nimesikia msibani, kanisani na kwenye gari: kansa usiiguse kwa chuma, ukiikata inatawanyika. Wanaosema hivyo wamemwona mtu aliyekatwa kinyama Januari akazikwa Machi, na hawasemi uongo kuhusu walichokiona. Ila huyo alifika Januari akiwa ameugua mwaka mzima. Seli za saratani kupandikizwa na sindano au wembe hutokea kwa nadra sana, na pale hatari inapojulikana, kama kwenye uvimbe wa korodani, madaktari hawachomi sindano, hupita njia nyingine. Naomba jambo hili lisemwe kwa sauti katika vikoba na jumuiya, maana hofu hiyo hula miezi ambayo ingetosha kutibu.

Jambo moja zaidi kuhusu chupa. Fomalini inayohifadhi kinyama humwua bakteria, na bakteria aliyekufa hawezi kuoteshwa. Kuotesha kuna maana huku kaskazini, kwa sababu baadhi ya kifua kikuu cha tezi za shingo katika jamii za wafugaji kimepatikana kuwa cha ng'ombe, kinachoingia kwa maziwa yasiyochemshwa. Chini ya hadubini aina hizo mbili hazitofautiani. Katika matibabu zinatofautiana, kwa sababu ile ya ng'ombe kwa asili haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kuanzia. Hivyo tezi ikishatolewa hufaa igawanywe: nusu kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini, nusu kwenye maji safi ya chumvi, ifike maabara upesi ikiwa bado na uhai. Yale maji ya chumvi ya safari yetu ya kwanza yenyewe hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa siku nne, na kukosa chupa ya pili pembeni yake.

Karatasi ya mama mdogo ilikuwa na mistari mitatu. Daktari alimsomea kwa Kiswahili: hakuna saratani, ni kifua kikuu cha tezi, dawa miezi sita. Aliomba asomewe tena. Dawa alizimeza zote, na mwezi wa tatu suruali alizokuwa akivaa ndani ya kitenge wakati wa kupalilia zilianza kumbana kiunoni.

Matofali ya nta huhifadhiwa miaka mingi, yakiwa na namba, ili swali jipya likizuka yakatwe tena utepe mwingine. Naamini lake bado liko kwenye droo, nyama ya ukubwa wa haragwe katikati ya nta nyeupe. Yeye yuko Mwika, na kihamba ni chake.