Kabla hujamwambia dadako aliye majuu anunue Subaru, soma hapa kwanza

Kila familia ya Kenya iliyo na mtu majuu ina mtaalamu wake wa magari, na mara nyingi mtaalamu huyo ni wewe. Hujawahi kumiliki hata pikipiki, lakini kwa sababu unashinda ukitazama video za magari na unaweza kutambua mlio wa Subaru ukiwa umefumba macho, dadako aliye Minnesota atakutumia picha tatu za ndai kwenye WhatsApp usiku wa manane, na swali moja tu: nichukue gani?

Nawe bila kupepesa jicho utajibu Subaru. Ama Prado, kama chapaa iko.

Ngoja kidogo. Ana watoto watatu, anahudumia wazee kwa zamu ya usiku, na Novemba inabisha hodi. Hilo jibu lako litabeba watu.

Minnesota iko kaskazini kabisa mwa Marekani, mpakani na Canada. Wakenya wamejaa huko, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya jiji la Minneapolis. Usiku wa kawaida wa Januari kipimajoto husoma karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na kuna siku hushuka hadi 25 chini au zaidi. Theluji inayoanguka kwa mwaka ukiijumlisha ni kama sentimita 130, yaani inamfikia mtoto wa darasa la tatu kichwani. Sisi hapa tukitaka kuona barafu lazima tupande Mlima Kenya. Yeye anaipata mlangoni akitoka kwenda job.

Mabasi yapo, lakini zamu inaanza saa tano usiku na nyumba ya wazee iko kitongoji kingine. Bila gari hakuna kazi, na bila kazi hata zile dola za karo unazongojea hazitakuja. Kwa hivyo hili ni jambo lako pia.

Tatizo la ushauri wetu ni kwamba tumejifunzia magari kwenye matope. Mkenya akisikia barabara mbaya anafikiria Kinangop wakati wa mvua, gari limezama hadi kwenye ekseli, vijana wa kijiji wanasukuma wakitaka mia mia. Hapo gari la 4x4 ni mfalme, kwa sababu kazi yote ni kutoka. Matope yanakushika. Barafu inakuachilia. Dadako hatasumbuka sana kuling'oa gari. Atasumbuka taa zikigeuka nyekundu mita 40 mbele na gari linateleza tu kana kwamba halijasikia breki.

Na hapa ndipo zile herufi AWD zilizobandikwa nyuma ya gari zinadanganya watu. Maana yake ni kwamba injini inasukuma magurudumu yote manne badala ya mawili. Ukiondoka kwenye maegesho yaliyojaa theluji, au ukipanda kilima chenye utelezi, utashukuru. Lakini gari lolote la kisasa, hata Vitz, linafunga breki kwa magurudumu yote manne. AWD haikuongezei chochote kwenye kusimama. Kwenye kona inasaidia ukikanyaga mafuta, ila haiwezi kukuvumbulia mshiko ambao tairi halina. Halafu gari kubwa la familia lina uzito, na uzito ukishaanza kuteleza hauna adabu.

Kinachosimamisha gari ni tairi. Haya matairi tunayotumia sisi, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake huanza kukakamaa kama ndala iliyolala kwenye friza. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata kwenye baridi kali, na uso wake una mikato midogo midogo mingi inayoiuma theluji. Lile halisi utalijua kwa alama iliyochongwa ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Zile herufi M+S pekee hazitoshi, maana tairi huzipata kwa muundo wa meno yake, si kwa kufanyiwa mtihani wa theluji.

Seti ya manne ya gari kubwa huanzia kama dola 600 na kupanda. Najua, hizo ni pesa. Lakini kama bajeti ya dadako inamlazimisha kuchagua kati ya gari la AWD lenye matairi ya kawaida na lile la magurudumu mawili lenye matairi ya baridi, mimi nitamwambia achukue la pili bila kufikiria mara mbili. Akiweza vyote viwili, heri. Na kama anaishi kwenye apatimenti hana pa kuweka seti ya pili, kuna matairi ya kukaa mwaka mzima ambayo yana ile alama ya mlima, kama Michelin CrossClimate 2. Hayalingani na ya baridi kabisa kwenye barafu, ila yanayashinda mbali yale yaliyokuja na gari.

Kitu kingine ambacho muuzaji hatamwambia: magari mengi ya AWD yanataka matairi yote manne yawe yamelika sawasawa. Ukiweka moja jipya na matatu kipara, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti na mitambo inayogawa nguvu mbele na nyuma inachoka kabla ya wakati. Kwa hivyo ile tabia yetu ya kununua tairi moja mtumba pale Kirinyaga Road, kule inaweza kumgharimu gearbox.

Sasa nafasi. Hapa watu hukosea kwa kuhesabu viti badala ya kuhesabu mizigo. Gari linaandikwa "watu saba", lakini ukiinua viti vya safu ya tatu, nyuma kunabaki mahali pa mkoba mmoja na mwavuli. Na familia ya baridi inatembea na vitu! Makoti, viatu vya theluji, gari la mtoto, koleo, shopping ya wiki mbili kwa sababu kesho huenda barabara ikafungwa. Halafu watoto wadogo ni lazima wakae kwenye viti vyao maalum, na kile kinachomfanya mtoto atazame nyuma kinakula nafasi hadi dereva anaendesha magoti yakiwa kwenye usukani. Mwambie dadako aende kwa muuzaji na viti vyote vitatu, avifunge mwenyewe, kisha ajaribu kumfikia mtoto wa katikati. Muuzaji akikasirika, maduka ni mengi.

Tukija kwa majina, wacha nianze na hiyo Subaru yako. Forester na Outback ni magari mazuri ya theluji, hakuna ubishi, lakini ni ya watu watano, na viti vitatu vya watoto kwenye benchi moja ni vita. Subaru ya familia kubwa kule inaitwa Ascent, ambayo huku huioni kwa sababu inaundwa Indiana kwa ajili ya soko la Amerika Kaskazini. Ina safu tatu, AWD ni ya kila toleo, na tumbo lake liko sentimita 22 juu ya ardhi. Kama dadako anaishi nje ya mji ambako gari la kusukuma theluji linafika saa sita mchana, hiyo ndiyo kusema. Inakunywa lakini: tarajia kilomita 9 hadi 10 kwa lita.

Honda Pilot ina nafasi ya kweli hata safu ya tatu. Toyota Highlander ni ngumu kuharibika, ila safu ya tatu ni ya watoto na watu ulio na kinyongo nao. Kwa zote mbili, chunga: AWD ilikuwa chaguo la kulipia, kwa hivyo mitumba mingi ni ya magurudumu ya mbele tu. Asiangalie umbo, aulize. Na ule ujanja wetu wa kuinama chini kutafuta shafti inayoenda nyuma usiutegemee kwa Toyota za haibridi, kwani nyingi zinasukuma magurudumu ya nyuma kwa mota ya umeme. Shafti haipo, na bado ni AWD. Volvo XC90 ni tamu kweli, lakini fundi wake atakuachia soksi tu.

Kura yangu? Toyota Sienna ya AWD. Cheka umalize. Najua inaonekana kama Noah iliyonenepa, na hakuna mtu atakayepiga selfie nayo aitume kwa grupu ya familia. Lakini milango yake inateleza kando, kwa hivyo kwenye maegesho yaliyobanwa na vilima vya theluji watoto wanatoka bila kugonga gari la jirani. Nyuma ya safu ya tatu kuna shimo refu linalomeza gari la mtoto na shopping bila kukunja kiti. Kuanzia toleo la 2021 zote ni haibridi, na ya AWD inaenda karibu kilomita 15 kwa lita. Kwa mtu anayekwenda kazini kila usiku, hiyo tofauti na Ascent ni karo ya mtu.

Kasoro zipo. Iko chini, kwa hivyo haifai kwa barabara ya shambani isiyosafishwa. Bei yake ya mtumba haishuki upesi. Zile za zamani za AWD, kabla ya 2021, zilikuja na matairi maalum yanayokwenda hata yakiwa hayana upepo, bila tairi la akiba, na kuyabadilisha ni ghali.

Akishapata anachopenda, kazi bado. Kule barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chuma. Gari la miaka minane la Minnesota linaweza kung'aa juu kama bibi harusi na chini ni kutu tupu. Lazima liinuliwe fundi alitazame: fremu, mabomba ya breki, mahali springi zinaposhikilia. Lililotumika majimbo ya kusini huwa na afya nzuri zaidi chini, na ripoti ya Carfax huonyesha limesajiliwa wapi na wapi. Namba ya chesisi aiingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, aone kama kuna hitilafu ambayo kampuni ilitangaza itarekebisha bure na mwenye gari hakupeleka. Haitamgharimu hata senti.

Betri nayo ipimwe. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huondoa zaidi ya nusu ya nguvu ya betri, saa ile ile injini inahitaji nguvu nyingi kuwaka. Betri iliyochoka haitampa onyo. Itamwangusha asubuhi moja akiwa amechelewa.

Na mtu asimdanganye kwamba akichoka nalo atalileta nyumbani. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya kawaida ya aina hiyo, tena umri usizidi miaka minane. Hilo ni gari la kule, litazeekea kule.

Mambo mawili ya mwisho hayahusu ni gari gani, ila ukimwambia mambo mawili tu leo usiku, mwambie haya. La kwanza ni makoti. Mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake akiwa amevaa koti nene la baridi. Ukigonga kitu, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea kama kamba ya nguo. Avue koti, afungwe, kisha koti lifunikwe juu kama blanketi.

La pili: akikwama kwenye theluji na injini inanguruma ili wapate joto, atoke kwanza aondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likizibwa, moshi wa sumu unarudi ndani, hauna harufu, na watoto wamelala nyuma. Injini aiwashe kwa dakika chache, azime, na dirisha aliache wazi kidogo. Kwenye buti kuwe na koleo, blanketi, tochi na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu.

Matairi ya baridi ayawekee nafasi kwa fundi Septemba. Mwaka 1991, dhoruba iliyoanza Oktoba 31 iliangusha zaidi ya sentimita 70 za theluji Minneapolis kwa siku nne, na kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, foleni kwenye maduka ya matairi inazunguka jengo.