Vinara wa Tope: Rekodi za Barabara za Masisi na Walikale

Kwingineko, vyombo vya usafiri hushindanishwa kwa mwendokasi. Huko Masisi na Walikale, wilaya za Kivu Kaskazini nchini Kongo, swali ni jingine: nani kavuka, kavuka na mzigo gani, na chombo kilipokatika njiani nani alikiunga. Kwa kipimo hicho, hawa ndio vinara.

MBEBA MZIGO HODARI ZAIDI BILA INJINI: CHUKUDU

Ni skuta ya mbao kuanzia usukani hadi gurudumu. Fremu huchongwa kwa mkaratusi, magurudumu kwa mti mgumu uitwao mumba, kisha huvikwa vipande vya tairi kuukuu ili yasiliwe na mawe. Chukudu zilishamiri Kivu Kaskazini miaka ya 1970, na iliyoundwa vizuri hubeba zaidi ya kilo 400 za viazi, makaa au mbao. Itazame kwa karibu. Juu ya ubao pamepigiliwa kipande cha mpira: hapo dereva huweka goti, huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Nyuma kuna kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Kwenye mteremko unaikanyaga, inasugua gurudumu mpaka chombo kitulie. Mjerumani Karl Drais alipotoka Mannheim mwaka 1817 na chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, aliushangaza ulimwengu kwa kujibeba mwenyewe tu. Goma wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

PIKIPIKI ILIYOONGEZWA VYUMA VINGI ZAIDI: MOTO YA ABIRIA

TVS na Bajaj Boxer za India hufika dukani zikiwa nyepesi. Zikishapita kwa fundi wa kuchomelea, hutoka na keria ndefu, vyuma vya kukinga injini na miguu, na kiti kilichojazwa sponji upya. Wapenzi wa pikipiki wa Ulaya na Marekani hukata vyuma ili chombo kipendeze macho. Huku vyuma huongezwa, kwa sababu juu ya keria hiyo hupanda godoro, mbuzi, bidoni za maziwa kutoka malisho ya Masisi, na mara nyingine mgonjwa anayewahishwa hospitali.

GARI LINALOAMINIKA ZAIDI: LAND CRUISER YA FAMILIA YA 70

Toyota ilianza kuiuza mwaka 1984 na mpaka leo bado inaiunda. Injini inayopendwa ni ile ya 1HZ: mitungi 6, lita 4.2, dizeli, haina turbo wala kompyuta ya kuiamrisha. Mkusanyaji wa magari wa Dubai huinunua kwa ajili ya umbo lake la kizamani. Dereva wa Masisi huipenda kwa sababu ikizimika porini, mwenye spana na subira anaweza kuiwasha tena.

UWANJA WA NDEGE WENYE MAGARI MENGI ZAIDI: KILAMBO

Katika miaka ya 2000, wakati kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie ilipokuwa ikichimbwa kwa mikono, ndege ndogo kuukuu zilitua Kilambo, Walikale, juu ya lami ya barabara kuu. Magari na watembea kwa miguu walisimamishwa pembeni, magunia yakapakiwa, ndege ikakimbia barabarani na kupaa kuelekea Goma. Lakini rekodi ngumu zaidi iliwekwa kabla ya ndege kufika: magunia hayo ya kilo 50 yalitoka msituni migongoni mwa vijana, kwa miguu, kwenye njia ya utelezi ambayo hakuna gurudumu lililoweza kuipita.

KIFAA CHA KILA SIKU KISICHOKUFA: BIDONI YA LITA 20

Babu yake ni debe la chuma la jeshi la Ujerumani la miaka ya 1930. Mjukuu ni wa plastiki ya njano, huingia nchini na mafuta ya kupikia, kisha huishi maisha mengine ya maji, maziwa na petroli. Ikitoboka, huzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Ikishindikana kabisa, hukatwa ikawa beseni.

REKODI YA DUNIA ISIYO NA SHEREHE: MADINI

Mgodi wa kampuni ya Alphamin huko Bisie, uliofunguliwa mwaka 2019, una mawe yenye bati nyingi kuliko migodi mingine yote ya bati duniani. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Rubaya, Masisi, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Bati huunganisha nyaya za vifaa vya umeme, na tantalamu ya koltani huingia katika kompyuta za magari ya kisasa. Yaani magari yale yale ambayo dereva wa Masisi hayataki, kwa kuwa yakigoma njiani hayana fundi.

REKODI INAYOSUBIRI KUVUNJWA: LAMI

Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, ina kipande cha lami kilichowahi kugeuzwa uwanja wa ndege. Barabara ya Sake hadi Masisi mjini bado ni ya udongo, na mvua ikinyesha malori hulala njiani. Lami ikifika huko orodha hii itaandikwa upya, na wa kwanza kushangilia watakuwa wenye chukudu: gurudumu la mbao nalo hupenda njia nzuri.