Inhela ya Pumu na Tabaka la Ozoni

Kwa miongo kadhaa, inhela za pumu zilisukuma dawa kwa gesi za klorofluorokaboni (CFC). Kwa kiasi kile hazikumdhuru mgonjwa. Madhara yalikuwa juu angani, ambako mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini. Atomu moja ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni, ngao dhidi ya mionzi ya urujuanimno isababishayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianza kuzibana CFC. Inhela ziliongezewa muda, na ilistahili: aliyebanwa kifua hawezi kusubiri. Mbadala wake, gesi za HFA, hazina klorini, ingawa huongeza joto la dunia. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanalenga kuzipunguza.

Mpulizo wa HFA ni laini na hauna ubaridi wa zamani, hivyo baadhi ya wagonjwa hudhani dawa haitoki. Dawa ni ileile. Lakini tundu lake huziba upesi: kila wiki kopo la dawa litolewe, kifuko cha plastiki kioshwe kwa maji ya uvuguvugu, kikauke kabisa.